Vijana wa Kiyahudi walikwama Kiseke wakimtafuta mtu wa kumi, nikawaletea mtaa mzima

Wakuu, wazima humu?

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa kilichonikuta hapa hapa Mwanza, na kila nikikikumbuka naona kitu ambacho sikukiona mwanzo.

Picha sina, msiniombe. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe wapo, na mmoja wao anajifunza Kiswahili kwenye simu. Mengine ni kama yalivyotokea, hata pale nilipojiaibisha.

Mimi ni Mhaya wa Kagera, nakaa Kiseke. Kazi yangu ni ukalimani na kuzungusha wageni wa semina. Najua mtasema Wahaya na Kiingereza chao. Semeni tu, ndicho kinachonilisha.

Pembeni ya kazi tuna kikundi chetu cha vijana wenye shughuli zao. Kuna mwalimu, kuna mhasibu, kuna dada wa benki, kuna Rashidi ambaye ana duka la dawa Mabatini. Tunakutana kila Jumamosi kubishana mambo ya dunia. Posho hakuna, ndiyo maana tuko wachache.

Basi ikaja email. Kuna kundi la vijana wa Kiyahudi, wanasheria, madaktari, watu wa kompyuta, wametoka nchi tofauti tofauti. Wanatembea kujifunza jinsi watu wengine wanavyoishi na kufanya dialogue kuhusu dunia inavyokwenda. Wameomba wakae Mwanza wiki na kitu, wakutane na vijana wenzao.

Wakuu, mimi Wayahudi niliowajua ni wale wa kwenye Biblia. Nilitegemea ndevu mpaka kifuani. Wakashuka uwanja wa ndege watu kumi, wanaume kwa wanawake, wamevaa raba na mabegi mgongoni, mmoja ana jezi ya mpira. Nikawaangalia vizuri kutafuta Uyahudi uko wapi, sikuuona.

Kosa langu la kwanza lilikuja mapema. Nilipanga mkutano wa kwanza Jumamosi, kama kawaida yetu. Wakanijibu kwa upole kwamba Jumamosi ni sabato, hawapandi gari na simu hawashiki. Kijana wa miaka thelathini, kazi yake kompyuta, anaiweka simu pembeni kwa hiari yake siku nzima. Mke wangu alipenda sana hiyo dini.

Wakafikia gesti ya Mama Koku, jirani yangu. Huyu mama ni Mkatoliki wa Bukoba, anaongea kama anahutubia na moyo wake ni mkubwa kuliko hiyo gesti.

Jikoni kukawa na shule. Samaki wanakula, lakini lazima awe na mapezi na magamba. Mama Koku akawa anawaletea samaki mmoja mmoja kama yuko mahakamani. Sato akapita. Sangara akapita. Kambare akakataliwa pale pale, na kamongo hata hakumtoa kwenye beseni. Mama akafurahi kweli, akasema hata kwao Bukoba kuna koo zina miiko ya samaki, kwa hiyo hawa watu si wageni sana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mkutano ukahamia Jumatatu jioni, pale pale gesti. Mwanzo ulikwenda vizuri. Tuliongea ajira, tukaongea ziwa na magugumaji, tukacheka.

Kisha Rashidi akanyoosha mkono. Rashidi ni Mwislamu, mpole, hana makuu, ila akiwa na swali halali nalo. Akasema yeye anaangalia habari za Gaza kila siku, anaona watoto wanazikwa, na angependa kusikia wao kama Wayahudi wanajisikiaje. Aliuliza bila kejeli, mimi ndiye niliyetafsiri.



Akajibu Ari, yule wa kompyuta, mwenye jezi. Alijibu kwa kirefu. Aliongea kuhusu ndugu zake waliouawa na waliotekwa, kuhusu hofu waliyokua nayo tangu utotoni, kwamba nchi ile ndiyo mahali pekee ambapo watu wake wana uhakika wa kukimbilia. Nilimuonea huruma.

Alipomaliza akasimama Tamar. Mwanasheria, mwembamba, msema kweli hata pale usipomuomba. Akasema Rashidi ameuliza kuhusu watoto na hajajibiwa. Akasema yeye pia ana ndugu kule na pia anaogopa, lakini yanayofanyika kwa jina lake yanamnyima usingizi, na ataendelea kuyapinga.

Wakuu, hapo ndipo nilipotoa macho. Mimi nilidhani Wayahudi wana msimamo mmoja, kama kwaya. Kumbe wanabishana kuliko sisi na Simba na Yanga yetu.

Walianza kwa Kiingereza nikawa nakimbizana nao kutafsiri. Wakahamia Kiebrania nikabaki nawaangalia midomo. Kisha Ari akarudi kwenye Kiingereza, mbele ya watu wote, akamwambia Tamar: "Wewe si mmoja wetu tena. Huhesabiki kwetu."

Hilo sikulitafsiri. Halikuhitaji, kila mtu alimuona Tamar alivyobadilika uso.

Kesho yake asubuhi Tamar akachukua begi lake. Kulikuwa na akina mama wanaokausha dagaa upande wa Sengerema ambao kundi lilipanga kuwatembelea baadaye. Akasema atatangulia na atakaa huko huko. Akavuka kwa feri ya Kamanga, peke yake. Hakuaga.

Jumatano mchana Ari akanifuata barazani kwangu. Amenyong'onyea, kama hakulala.

Akanieleza kwamba jua likizama siku hiyo inaanza kumbukumbu ya mwaka wa kwanza tangu baba yake afariki. Kwao mtoto anatakiwa kusimama na kusema sala inaitwa Kadishi. Siku yao inaanza jioni na kuisha jioni inayofuata, kwa hiyo ana mpaka kesho magharibi.

Nikamwambia si aseme tu, nani anamzuia?

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha. Hiyo sala haisemwi peke yako. Lazima wawepo watu kumi. Wakiwa tisa, hata wote wawe watakatifu, haisemwi. Nikamuuliza, na kwa video je? Akasema wapo Wayahudi wanaokubali na wapo wanaokataa, kama ambavyo wapo wasiohesabu wanawake na kundi lao linawahesabu, na hayo yote wanabishania. Ila yeye anataka kwa njia ya baba yake, watu kumi waliosimama chumba kimoja.

Nikamuuliza kwa nini kumi. Akasema sababu za wanazuoni ni nyingi, lakini baba yake alikuwa akimwambia kwamba ni ili mfiwa asiweze kujifungia ndani kulia mwenyewe. Atake asitake, atatoka kutafuta watu.

Kisha akanisimulia kuhusu huyo baba. Alikuwa fundi saa. Mtaani kwao, msiba wowote ukipungukiwa mtu mmoja, simu inapigwa kwake. Anaacha chakula mezani, anavaa koti, anaondoka. Wakati mwingine marehemu hamjui hata jina. Amefanya hivyo maisha yake yote. "Na leo," Ari akasema, "zamu yake imefika, na mimi nina watu tisa."

Mimi baba yangu tulimzika Muleba, watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufiwa akakosa watu.

Nikamwambia aniachie mimi.

Wakuu, hapa ndipo pa kunicheka. Mimi nilisikia neno moja tu: watu wamepungua msibani. Hilo kwa Mwanza ni tatizo? Ningeletewa tatizo la umeme ningehangaika. Nikaenda kwa mke wangu, mke wangu akaenda kwa Mama Koku, Mama Koku akaenda kwa mtaa.

Jua linaelekea kuzama, turubai limeshafungwa uwanjani pale gesti. Mabenchi ya kanisani yamefika. Akina mama wamejifunga kanga, chai iko kwenye sufuria kubwa, mtu amekuja na mkungu wa ndizi. Walikuwa hawapungui arobaini. Hata Rashidi alifika kutoka Mabatini, na amevaa kofia yake ya msikitini.

Mzee Masanja, Msukuma wetu anayefuga kuku pale jirani, akaniita pembeni kuuliza mwili unafika lini. Nikamwambia mzee, marehemu alizikwa mwaka jana, huko huko kwao. Akanitazama weee. Akauliza sasa mwaka mzima tulikuwa tunangoja nini kumpa pole mtoto wake.

Ari akatoka nje na wenzake. Akaona turubai. Akaona watu wote wale wamesimama kumpokea, akina mama wanampa pole mmoja mmoja kwa mikono miwili. Kwanza alicheka. Halafu akakaa kwenye benchi akafunika uso.

Mimi kifua mbele, nikamwambia haya, wa kumi huyu hapa, na wa kumi na moja, na wa arobaini.

Akanishika bega. Akaniambia, kwa upole ambao uliniumiza zaidi, kwamba wale kumi wanatakiwa kuwa Wayahudi.

Mniambie, jambo kama hilo mnalitafsirije mbele ya watu walioacha shughuli zao? Nililisema tu. Mama Koku akauliza kama haiwezekani wabatizwe haraka haraka, maana maji ya ziwa hayako mbali. Nikamwambia hawabatizi, na kuingia kwao ni masomo ya muda mrefu. Akasema basi dini ngumu hiyo, na akaendelea kugawa chai.

Hakuna aliyeondoka. Watu walikaa. Mzee Masanja akataka aelezwe marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na Ari akasimulia habari za saa na za kuacha chakula mezani, mimi natafsiri. Wazee wakawa wanaguna kwa kumkubali marehemu.

Baadaye Rashidi akasogea. Alikuwa hajaongea na Ari tangu siku ile ya swali. Akaniambia nimtafsirie neno kwa neno, nisiongeze maua.

"Huna upungufu wa mtu. Wa kumi wako yuko Sengerema."

Ari akajibu kwamba anajua. Tangu asubuhi hajafikiria kitu kingine. Lakini atamwambiaje? Amemwambia hahesabiki, leo akampigie simu kumwambia njoo nikuhesabu?

Rashidi akasema kwa simu hapana. Jambo kama hilo unalipeleka kwa miguu yako. Kesho asubuhi atafunga duka na atamsindikiza.

Nikamuuliza Rashidi pembeni, wewe hili linakuhusu nini, na jibu la Ari la Jumatatu lilikukera. Akasema lilimkera na bado linamkera. Lakini mtu anamuombea baba yake.

Asubuhi tukapanda feri ya Kamanga watatu. Ziwa lilikuwa limetulia, watu na magunia yao, na mbuzi wawili waliokuwa na amani kuliko sisi. Ari na Rashidi wakasimama kwenye reli. Gaza hawakuigusa. Waliulizana kuhusu baba zao. Rashidi akamueleza jinsi wao wanavyosoma hitima, kisomo cha kumuombea marehemu, Ari akawa anauliza maswali mengi, inasomwa na wangapi, kwa muda gani, lazima wawe ndugu? Nilichoka kutafsiri lakini nilifurahi, maana na mimi nilikuwa nataka kujua.

Ari akanishangaza na jambo jingine. Hiyo Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Jina la marehemu halimo. Inamsifu Mungu tu, mwanzo mpaka mwisho. Nikamuuliza sasa marehemu anaingia wapi. Akasema anaingia kwa yule anayesimama kuisema.

Tamar alikuwa ameshaambiwa na wenzake kwamba tunakuja. Tulimkuta Kamanga kwenye kibanda cha chai karibu na gati, ana kikombe mkononi, hajakigusa. Alimsalimia Rashidi, akanisalimia mimi. Ari akabaki amesimama.

Mimi na Rashidi tulitaka kujitenga, Tamar akasema tubaki. Yale mengine yalisemwa mbele ya watu, na haya yasemwe mbele ya watu.

Ari akaanza. Akasema amekuja kuomba radhi kwa neno alilosema, kwamba alikuwa na hasira, kwamba...

Tamar akamkatiza.

"Usiniombe radhi leo. Leo unanihitaji. Niombe siku ambayo hunihitaji, ndipo nitajua."

Nikajua tumekwisha, tunarudi mikono mitupu. Nilianza hata kutunga la kumwambia Mama Koku.

Tamar akamalizia, "Feri inaondoka saa ngapi?"

Akabeba begi lake. Ndani ya feri alikaa upande wa pili, na Ari hakumfuata. Nilimuuliza Tamar, maana mimi mdomo wangu haujui kukaa, kama ameshasamehe. Akasema hapana. Akasema baba ya Ari hajamkosea kitu, na baba wa mtu haachwi asubiri kwa sababu ya ugomvi wa watoto.

Wakuu, hilo neno hata mama yangu Muleba angelisema. Kwetu unaweza usile kwa mtu miaka, mkapishana njiani kama hamjuani, lakini akifiwa unakwenda. Unakaa, unatoa pole, unaondoka na kinyongo chako. Mimi nilidhani ni mila yetu peke yetu.

Jioni ile kabla jua halijazama walisimama kumi. Turubai lilikuwa bado halijafunguliwa, na majirani walirudi bila kuitwa. Tulikaa nyuma yao.

Ari alishika kitabu kidogo. Akaanza kusoma. Maneno sikuyaelewa, ni Kiaramu, lugha ya zamani kabisa. Lakini katikati kuna mahali wote wanaitikia, na neno lile tunalijua. Wale kumi wakasema Amina. Mabenchi ya nyuma yakaitikia Amina, Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu, na Mzee Masanja ambaye hatujawahi kujua anasali wapi.

Nilimuangalia Tamar. Alikuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote, na machozi yanamtoka.

Ilikuwa fupi sana. Safari ya feri, turubai, mabenchi, kwa sala ambayo ningeweza kumaliza nayo kikombe kimoja cha chai. Ilipokwisha Tamar akachukua sahani ya ndizi, akaenda kukaa na Mama Koku. Ari hakusemeshwa.

Sasa mtaniuliza, je, radhi iliombwa?

Jumapili ulikuwa mkutano wetu wa mwisho, na Jumatatu wanaruka. Ari hakuwa na shida na mtu tena. Angeweza kupanda ndege yake kimya, na nakiri nilidhani atafanya hivyo. Wanaume wengi tunafanya hivyo.

Kabla hatujaanza akasimama. Akasema mbele ya wote kwamba Jumatatu iliyopita alimwambia Tamar hahesabiki, kwamba lilikuwa neno ovu na la uongo, na hakuwa na mamlaka ya kulisema. Akasema hajabadilisha msimamo wake kuhusu vita. Akaomba radhi. Nilitafsiri yote, na safari hii sikuruka neno.

Tamar akamgeukia. Kisha akasema, "Nimekusikia. Sasa lijibu swali la Rashidi."

Ari akavuta kiti akakaa akimtazama Rashidi. Aliongea polepole, na safari hii alianza na watoto. Alisema hana namna ya kuwaeleza vifo vyao, na kwamba Jumatatu alizungumzia hofu yake kwa sababu hofu anaijua na hiyo nyingine hana pa kuishika. Rashidi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema jibu hilo halimtoshi, lakini ni la mtu. Wakaendelea, na Tamar akaingia kati, na dada wa benki, na mwalimu, mpaka Mama Koku akaja kusema chakula kinapoa. Hawakukubaliana. Nathubutu kusema hata walipopanda ndege walikuwa bado wanabishana.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Mtu anaweza kukuudhi mpaka kwenye mifupa, na bado akawa ndiye pekee wa kukusimamisha siku yako ngumu. Na radhi ya kweli ni ile unayoipeleka wakati huna unachokitaka.

Mpaka leo sijui kama Tamar alimsamehe moja kwa moja. Ninachojua, juzi Ari amemuandikia Rashidi kwamba Tamar kafiwa na mama yake. Mji anaoishi una Wayahudi wachache sana. Ari alipanda treni usiku kucha kwenda kuwa wa kumi, na hakuna aliyemwita.

Karibuni wakuu. Nani humu ameshawahi kwenda msibani kwa mtu ambaye hamsemeshani? Ulikaa benchi gani, na ulipofika alikuambia nini?